Shajara ya mradi: shokapu zinazojikaza na kujilegeza zenyewe

8 Februari

Gari liko juu ya stendi, tairi zote zimetolewa, na shokapu za zamani zimelala sakafuni zikisubiri mnunuzi. Ni Crown ya mtumba, aina ileile inayojaa barabara ya Bagamoyo kila asubuhi. Lengo la mradi ni rahisi kulitaja: shokapu zijikaze na kujilegeza zenyewe gari likiwa kwenye mwendo, ili anayekaa siti ya nyuma afike aendako bila kushika kiuno.

Kiwandani jambo hili si geni. Toyota waliweka shokapu zinazobadilishwa na kompyuta kwenye Soarer mwaka 1983, na magari mengi ya Kijapani yaliyofuata yaliuzwa nazo kwa nyongeza ya bei. Huku kwetu ndiko mambo yanakoharibika. Shokapu ya umeme ikivuja, mwenye gari anatajiwa bei ya mpya, anaguna, kisha anafungiwa za kawaida na taa ya dashibodi inazimwa kijanja. Zile za umeme zinabaki gereji, na baadaye unazikuta Gerezani, kwa wauza vipuri wa Dar, zimefungwa kamba pamoja na za magari mengine. Ndani ya lundo huwa zimo nzima, maana mara nyingi zinatolewa zote nne kwa kosa la moja.

Za kwetu tumezichagua kwa mkono, mimi na fundi, shokapu ikiwa imebanwa kwenye jiriwa. Juu ya fimbo kuna kitundu, na ndani yake kipini chembamba chenye ubapa. Kimota kinachokaa juu ya shokapu hukizungusha kipini hicho, nacho huko chini hufungua au kuziba njia ya pembeni ya mafuta. Ukikizungusha kidogo kwa koleo unaisikia tofauti mkononi. Upande mmoja fimbo unaivuta kwa kiganja bila jasho, upande wa pili unavuta mpaka meza inasogea. Kila iliyogoma kubadilika tumeiweka kando, na iliyokuwa na unyevu wa mafuta shingoni hatukuigusa kabisa.

Ieleweke kwamba umeme huu hausukumi gari. Unageuza kipini tu, na shokapu inabaki kuwa kitu cha kumeza nguvu, haitoi. Ndiyo maana inaitwa saspensheni nusu amilifu. Iliyo amilifu kamili ina pampu na mitungi inayoinua bodi yenyewe. Ayrton Senna alishinda nayo mbio za Formula 1 za Monaco mwaka 1987 akiendesha Lotus, na Williams wakatwaa ubingwa wa 1992 na gari lenye mfumo wa namna hiyo, kisha ukapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994. Inakula nguvu za injini. Kimota changu kinakula umeme mdogo kuliko balbu ya breki.

15 Februari

Bushi za mikono ya chini zimebadilishwa, bojointi moja pia. Upepo wa tairi umeshushwa hadi kiasi kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wajaza upepo wa mjini wana mapenzi ya kupitiliza, na tairi lililojaa kama jiwe linapitisha kila kokoto hadi kwenye meno. Hakuna programu itakayoondoa hilo. Anayesoma hapa akitafuta starehe ya haraka aanze na geji ya upepo na bushi, huenda asihitaji kuendelea.

23 Februari

Leo hesabu. Uzito unaobebwa na springi moja ya mbele ni kama kilo 400. Ugumu wa springi, ukipimwa pale kwenye tairi, nimeukadiria nyutoni 22,000 kwa mita. Vitu vilivyo chini ya springi, yaani tairi, ringi, habu na breki, ni kama kilo 45. Tairi nalo ni springi, nimelikadiria nyutoni 200,000 kwa mita.

Kutoka hapo namba mbili zinajitokeza na ndizo zitakazotawala kila kitu. Bodi inapenda kupanda na kushuka kwa takriban 1.1 Hz, zaidi kidogo ya mara moja kwa sekunde. Gurudumu linapenda kuruka kwa 11 Hz. Mwili wa binadamu aliyekaa unachukia zaidi mitetemo ya wima iliyo kati ya 4 na 8 Hz, na hilo ndilo msingi wa mizani ya ISO 2631, kiwango cha kimataifa cha kupima mtetemo unaompata binadamu. Kwa hiyo abiria yuko katikati, kazungukwa na matatizo mawili ambayo si yake.

Shokapu ngumu inatuliza bodi na inatuliza gurudumu, lakini pale katikati inafunga bodi na gurudumu viwe kitu kimoja na kumpelekea abiria barabara yote. Shokapu laini inampumzisha pale katikati, halafu gari likivuka tuta linaendelea kunesa kama linaitikia salamu, na magurudumu yanapoteza mgusano na barabara. Kiwandani wanakata shauri: karibu asilimia 30 ya ukinzani unaotosha kuzima mneso wote, ambayo kwa namba zangu ni kama nyutoni-sekunde 1,800 kwa mita. Hakuna anayeridhika sana wala anayelalamika sana.

Fundi hakubali kwamba laini si starehe. "Injinia, mteja akija analia gari gumu, mimi naweka laini, anaondoka anacheka." Ni kweli anaondoka anacheka. Anacheka mpaka afike Chalinze na familia nzima imenyamaza kwa kichefuchefu.

8 Machi

Vihisi. Tunahitaji kujua bodi inakwenda kasi gani juu au chini, na shokapu inafunguka au inabonyea kasi gani.

La pili limepata suluhisho la bei ndogo kutoka kwenye magari yenyewe. Magari ya Kijapani yenye taa za zenoni yana kihisi cha kimo kwenye mkono wa saspensheni, chenye kifimbo na kibao cha kuzunguka, ili taa zijishushe mzigo ukiwa nyuma. Kinatoa volti zinazopanda na kushuka kufuata kimo cha gari. Nimefunga viwili mbele. Kifimbo kisilegee hata kidogo, kwa sababu kasi tunaipata kwa kulinganisha kimo cha sasa na cha punde iliyopita, na kila ulegevu unageuka kelele.

Kasi ya bodi ndiyo ngumu. Hakuna kihisi cha bei nafuu kinachoipima moja kwa moja. Kuna vya kupima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na mchapuko ukiujumlisha kidogo kidogo unapata kasi. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Barabarani kila kosa dogo linajumlishwa pia. Gari likipanda mlima wa nyuzi 6, kihisi kilichosimama wima kwenye bodi kinaona mvutano wa dunia umepungua kwa takriban 0.05 m/s², na ukijumlisha kosa hilo kwa sekunde 10 unapata kasi bandia ya nusu mita kwa sekunde. Kasi halisi ya bodi kwenye barabara mbovu haizidi sana 0.3. Kompyuta ya shokapu inaamini gari linapaa, wakati linapanda mlima Kibamba.

Dawa ni kuifanya hesabu isahau. Kila punde inatupa sehemu ndogo ya ilichokusanya, ili kosa la kudumu lisirundikane. Ikisahau haraka mno, kasi inayotoka haiendani tena kwa wakati na mneso wa bodi, na shokapu inakaza mapema kuliko inavyotakiwa. Nimeiweka isahau chini ya 0.2 Hz. Kwa mneso wa 1.1 Hz kosa la wakati linabaki nyuzi kama 10 kati ya 360 za mneso mmoja, linavumilika.

Vihisi vya mchapuko vimefungwa kwa bolti juu ya kiti cha shokapu, kwenye chuma. Plastiki na gundi ya pande mbili vinatetemeka kwa nyimbo zao wenyewe.

22 Machi

Programu ya kwanza imepakiwa kwenye ESP32, kikompyuta kidogo kinachosoma vihisi na kuamuru vimota. Ni kanuni ya skaihuku, iliyochapishwa mwaka 1974 na Karnopp, Crosby na Harwood huko Marekani. Wazo lao: tuchukulie shokapu haijafungwa kati ya bodi na gurudumu, imefungwa kati ya bodi na anga lililotulia. Bodi ikijaribu kwenda popote, anga linaikatalia. Shokapu ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa, ila unaweza kuiigiza nusu ya muda. Bodi ikipanda huku shokapu inafunguka, kaza, maana ukinzani utaivuta bodi chini. Bodi ikishuka huku shokapu inabonyea, kaza, maana ukinzani utaizuia. Vinginevyo achia, kwa sababu shokapu ingekuwa inaisukuma bodi kulekule inakokwenda.

Binti wa dada, anayesoma uhandisi chuoni, aliuliza swali zuri akiwa ameshika kompyuta siti ya mbele: "Mjomba, kwa hiyo kazi yote ni kujua lini uache?" Ndiyo. Kukaza kila shokapu inajua.

Tumepita barabara ya vumbi ya Madale, kwenda na kurudi kwa mwendo uleule, mara kipini kikiwa kimeshikiliwa katikati, mara programu ikiendesha. Mneso baada ya shimo umekatika vizuri: gari linashuka, linapanda, linatulia. Hilo halihitaji kifaa kulijua, shingo inatosha.

5 Aprili

Fundi alikaa nyuma bila kuambiwa programu imewashwa lini. Alipotoka alisema kwamba ile ya pili ndiyo yenyewe, ila mbele kushoto kuna kitu kinagonga tik, tik, twende tukaangalie bushi. Bushi ni mpya. Nikamwambia ngoja.

Kwenye rekodi tik inaonekana wazi. Kanuni ina masharti mawili ya kubadilisha. Shokapu ikigeuza mwelekeo, kasi yake kwa punde hiyo ni sifuri, kwa hiyo hata ukikaza ghafla hakuna nguvu inayoruka. Lakini bodi ikigeuza mwelekeo, shokapu inaweza kuwa katikati ya kubonyea kwa kasi. Hapo kuhama kutoka ukinzani wa 900 kwenda 3,500 kwa kasi ya 0.2 m/s kunaruka nyutoni 520 kwa mkupuo, na kwa kilo 400 hiyo ni 1.3 m/s² ya mchapuko kutoka hewani. Abiria anasikia mgongo wa siti umeguswa. Fundi anasikia bushi.

Sasa ukinzani unafuata ukubwa wa kasi ya bodi. Bodi ikikaribia kusimama, shokapu nayo inakuwa imeshalegea, na sharti likibadilika hakuna cha kuruka. Kipini kinasogea hatua kwa hatua badala ya kuruka ncha hadi ncha. Tik imekwisha. Ubanaji wa mneso umepungua kidogo, nimekubali.

19 Aprili

Masika imeshika. Madale hakupitiki kwa vipimo, barabara inabadilika kila siku na ulinganisho wowote ni bure. Tumehamia kwenye rasta za lami, vile vituta vidogo vinavyopangwa mfululizo.

Rasta nilizopima kwa futi zimeachana karibu nusu mita. Ukizipita kwa kilomita 20 kwa saa, tairi linapigwa mara 11 kwa sekunde, na 11 Hz ndiyo namba ya gurudumu. Dereva mwenye huruma anayepunguza mwendo sana ndiye anayewatesa abiria wake. Kwa 50 mapigo yanafika karibu 28 kwa sekunde, gurudumu haliwahi kuitikia na bodi haina habari. Madereva wa mabasi hawakusubiri hesabu hii. Wa changarawe pia wanajua kwamba mawimbi ya barabara yanapotea ukikanyaga mafuta, ingawa gari linakuwa halishiki barabara vizuri na kona ikitokea ni shauri jingine.

Kwenye rasta za mwendo mdogo programu yangu ni hasara. Kimota kinachukua kama milisekunde 40 kutoka amri hadi kipini kifike. Kwa mneso wa bodi wenye muda wa milisekunde 900 hivi, hiyo ni kuchelewa kidogo. Kwa gurudumu, ambalo duru yake nzima ni milisekunde 90, ni karibu nusu duru, maana yake shokapu inakaza pale hasa ilipotakiwa kuachia. Kanuni sahihi inafanya kazi kinyume.

Waliotengeneza MagneRide waliliona tatizo hili wakaachana na kipini. Shokapu zao, zilizotoka kwenye Cadillac Seville STS ya 2002, zina mafuta yenye chembe za chuma. Koili ikipata umeme chembe zinajipanga, mafuta yanakuwa mazito ndani ya milisekunde chache, bila kitu chochote kuzunguka. Mafuta ya aina hiyo yalibuniwa na Jacob Rabinow huko Marekani miaka ya 1940. Mtu akiziona Gerezani anistue.

10 Mei

Kwa kuwa kimota hakiwezi kulifukuzia gurudumu, nimeacha kukiomba. Mwaka 2009 Savaresi na Spelta wa Italia walichapisha kanuni inayotumia kihisi kimoja tu, cha mchapuko wa bodi. Unalinganisha mchapuko na kasi. Mneso wa polepole una kasi kubwa na mchapuko mdogo, mtikisiko wa haraka una mchapuko mkubwa na kasi ndogo. Kasi ikitawala, kaza. Mchapuko ukitawala, achia. Mpaka kati ya hayo mawili unawekwa na namba moja. Yangu ni 12 kwa sekunde, sawa na 1.9 Hz, juu kidogo ya mneso wa bodi.

Kanuni yenyewe huamua upya kila punde. Mimi nimeilainisha: nalinganisha wastani wa sehemu ya sekunde, kisha kipini kinafuata taratibu. Imekuwa kama sikio linalotambua aina ya barabara kuliko mkono unaofukuza kila wimbi. Hasara ni kwamba tuta la ghafla kwenye lami safi linalikuta gari lilivyo, pigo la kwanza halizuiliki.

Kipimo tunachukua kwenye siti, si kwenye chuma. Kihisi kimefukiwa ndani ya kisahani nilichokata kwenye soli ya ndala, abiria anakikalia. ISO 2631 inasema chini ya 0.315 m/s² hakuna usumbufu, 0.5 hadi 1 ni usumbufu wa wastani, juu ya 2 ni mateso. Kwenye vumbi, sasa mvua imepungua, kipini cha katikati kinatupa karibu 0.9 na programu hii inatupa chini kidogo ya 0.8. Skaihuku na vihisi vyake vyote ilitoa matokeo yanayokaribiana kabisa na hayo. Tofauti kati ya kanuni hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya kupita upande wa kushoto au wa kulia wa barabara ileile, na kwa maoni yangu anayedai kuona zaidi ya hapo kwa vifaa vya namna hii anauza kitu.

24 Mei

Mambo ya usalama, kwa haraka. Waya wa taa ya breki umeingizwa kwenye ESP32: mguu ukigusa pedali, shokapu za mbele zinakaza na pua ya gari haizami kwa ghafla. Usukani ukikatwa kwa nguvu, zote nne zinakaza. Ukinzani wa chini kabisa nimeupandisha, maana kwenye kona ya vumbi nilisikia tairi za nyuma zinacheza. ESP32 ikiganda, saa ya ulinzi inaiwasha upya na vipini vinarudi katikati kabla ya kitu kingine chochote. Nimeijaribu kwa kuchomoa waya tukiwa njiani, dereva akijua.

7 Juni

Mama amepelekwa Bagamoyo harusini, siti ya nyuma kushoto. Hakuambiwa kitu kuhusu shokapu. Tulipofika niliuliza safari imekuwaje, akajibu, "Mwanangu, leo umeendesha kama mtu mzima." Mwendo ulikuwa uleule wa siku zote, rekodi ipo.

Kurudi, kwenye matuta ya Bunju, alikuwa amelala.

Vihisi vya kimo vya mbele havina kazi tena kwenye programu ya sasa, nimevifungua. Fundi kavichukua jioni hiyohiyo, ana Mark X ya mteja ambayo taa zake zinamulika minazi.